Nyusi za Amisi

Ijumaa, baada ya magaribi

Hasira haijanitoka, na yote kwa sababu ya nyusi.

Leo mdogo wangu Amisi alitupigia video kutoka Kinshasa, kama kila Ijumaa. Alikuwa anacheka. Amechomwa sindano za urembo kwenye paji la uso, na zile nyusi zake nzito, zilizokuwa zimeinamia macho, zimepanda na kupinda kama za mtu aliyeshtuka. Eti wanaume wa kule wanafanya hivyo siku hizi.

Mama aliisogeza telefone karibu na macho, akatazama sana. Kisha akaniuliza, "Huyu njo nani?"

Amisi hakuelewa. Wakati wa vita alikuwa bado mgongoni. Tulikuwa tumejificha porini; Baba alivuka mto Lualaba kututafutia chumvi, hatukumuona tena. Tulipotoka porini, nyumba yetu ya mtaa wa Mikelenge haikuwa na hata picha moja. Sura ya Baba ilibaki kwenye nyusi za Amisi tu. Kila Ijumaa Mama anazitazama, anamuita "mzee wangu". Na mimi huzitazama kwa kuiba, nyuma ya bega lake.

Nilimwambia Amisi hayo yote, kwa ukali. Alizigusa nyusi zake. Halafu akasema polepole, "Yaya, hii dawa inaisha yenyewe. Kisha myezi ine hivi, zitashuka."

Nilidhani Mama hakusikia habari ya miezi minne. Alikuwa ameshainuka, anajifunga kitenge chake vizuri.

"Myezi ine ni kidogo," akasema. "Niko namungoja tangu vita."