Mbegu za pamba zilizopelekwa mahame

Mwamvua, acha unachofanya usome. Mzee Anatoli amelia kwenye mkutano wa wakulima leo. Anatoli!

Vijana wa mfumo mpya wa kompyuta wa ghala walimsogezea karatasi yenye orodha ya wakulima: "Babu, saini tu, makosa tutarekebisha baadaye." BAADAYE! Mzee akaisukuma karatasi kando, akasimulia ya mwaka sabini na tano.

Wakati ule alikuwa karani wa pamba Shinyanga. Kompyuta ilikuwa Dar, nayo ililishwa orodha ya wakulima ya kabla watu hawajahamishiwa vijiji vya ujamaa. Anatoli aliona kosa siku ya kwanza. Akamwambia bosi, "Huku hakuishi mtu tena." Akajibiwa, "Ndugu Anatoli, unabishana na mashine? Saini, tutarekebisha baadaye."

Akasaini. Mwamvua, alijua, na akasaini!

Malori yakapeleka mbegu kwenye mahame. Dereva anaona kabisa nyumba hazina paa, lakini anashusha magunia, maana karatasi imesema. Mvua ikanyesha, mbegu zikaotea humo humo guniani. Halafu wakubwa wakaandika kwamba mradi wa mbegu umekufa kwa sababu wakulima hawajasoma! Kusikia hivyo damu imenichemka.

Mama yake alikuwa amehamishiwa karibu na Didia. Alishalima matuta yote kwa jembe la mkono, anangoja mbegu. Anatoli alipokwenda kumwona, mama hakufoka. Aliuliza tu, "Mwanangu, si wewe uliye ofisini?"

Mama akafa bila kujibiwa.

Leo, mbele ya watu wote, mzee mzima kainamisha kichwa: "Ndiyo, mayu, mama yangu. Ni mimi."