Sauti ya Chini ya Babu Clem

Shamba la Haldane,
Mundoonga, Victoria.
14 Agosti 2019.

Mpendwa Babu Clem,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Broome, na kwamba goti lako limepata nafuu kwa joto la huko. Sisi hatujambo, ila baridi ni kali. Kondoo wameanza kuzaa, na Baba hulala na viatu karibu.

Wimbo mliorekodi wewe na Bibi bado uko kila mahali. Timu yetu ikishinda, wachezaji huuimba wakiwa na matope hadi masikioni. Dereva wa basi la shule huupiga mluzi. Watoto wa darasa la kwanza huuita wimbo wa siagi, kwa sababu ya lile tangazo la siagi uliloliuzia wimbo. Nisamehe kwa kulitaja, Babu. Najua ndilo lililowagombanisha wewe na Bibi Merle.

Ninaandika kwa ajili yake. Sherehe ya ukumbini ni Jumamosi, tarehe saba Septemba. Kama kawaida watu wote wataimba beti mbili zilizo kwenye santuri, kisha watakaa kimya, simu zao zikiwa kapuni mlangoni, ili Bibi aimbe peke yake ubeti wa tatu ambao haujawahi kurekodiwa. Mwaka huu watakuja hata watu kutoka Melbourne.

Babu, Bibi ameusahau.

Tangu Pasaka anasahau mengi. Aliacha birika jikoni hadi likaungua, na mara nyingine huniita kwa jina la Mama. Mama anasema ni uchovu tu. Lakini nimemsikia akiwa kwenye banda la kuku, akianza mstari wa kwanza, anaishia hapo, anaanza tena. Nilipomwomba anifundishe, alisema ubeti ule haufundishwi, huja wenyewe. Sitaki ukumbi mzima umsubiri bure.

Jumapili tulikuwa tunaosha vyombo. Nilianza kuimba taratibu sauti yako ya chini, kama ilivyo kwenye santuri, bila kumwambia kitu. Bibi akaipokea kwa juu, akaimba mistari miwili ya ubeti wa tatu, safi kabisa, sahani ikiwa mkononi. Baada ya hapo wimbo uligeuka tofauti na santuri, sikujua sauti yako inaelekea wapi. Nikaacha kuimba, naye akaishia hapo.

Akaniuliza, "Clem kaenda wapi?"

Nikamwambia uko Broome.

Akasema, "Mwambie aache ujinga wake. Chai inapoa."

Sijui kama alikuwa anasema ya leo au ya zamani. Lakini amenituma, nami nimekuambia.

Tafadhali njoo. Kama haiwezekani, nipigie simu Jumapili wengine wakiwa kanisani, uniimbie ile sauti ya chini mpaka mwisho, nitajifunza haraka. Ila nadhani yako mwenyewe ingemfaa zaidi. Nakuonya tu kwamba Bwana Doyle wa dukani bado anakuita Mzee Siagi, na ukija hatakuacha upumue.

Baba, Mama na kaka yangu Rory wanakusalimu. Msalimie jirani yako Bi Noreen. Mungu akulinde njiani, kama utakuwa njiani.

Nimetandika kitanda cha chumba cha nyuma. Nimeongeza blanketi mbili, kwa kuwa umezoea joto.

Mjukuu wako akupendaye,
Tamsin