Mashati ya Baba Neema na mita mpya ya maji

Jumamosi, mwezi wa saba, saa kumi na moja jioni. Baridi ya kuvaa soksi ndani ya nyumba. Mlima haujaonekana wiki nzima, na mimi sijautafuta.

Nimerudi kutoka Kilema sasa hivi. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani kwa sababu ndicho kilicho karibu na mlango. Sijavua hata viatu. Nikishaanza kupika sitaandika tena, najijua.

Niungame kwanza. Hapa kwenye blogu nimeandika mara nyingi kwamba mume wangu, Baba Neema, yuko Holili kikazi, anashughulika na mizigo ya mpakani, na kwamba anarudi kila wikendi. Kazi ni kweli. Kurudi si kweli. Baba Neema hajalala kwenye nyumba hii huu mwaka wa tatu. Ana nyumba nyingine kule Holili, na ndani yake kuna mwanamke.

Nimeiandika sentensi hiyo nikasubiri nihisi kitu. Hakuna. Ni kama jino lililopigwa ganzi, unaligusa kwa ulimi na ulimi tu ndio unaohisi.

Alipoondoka aliacha mashati matano. Kila Jumamosi asubuhi ninayatoa kabatini yakiwa safi, nayafua, nayaanika kwenye kamba ya upande wa barabara ili mtaa uyaone. Jioni nayapiga pasi nayarudisha. Kola zimeanza kuchakaa kwa kufuliwa tu, hakuna shingo iliyozigusa. Binti yangu Neema akipiga simu kutoka chuoni Dodoma huuliza baba hajambo, nami husema hajambo. Sijui anajua nini. Hatujawahi kulizungumza.

Mtasema nilikuwa namlinda mume. Hapana jamani. Huyo angekwenda na mashati yake nisingemfuata hata kituo cha basi.

Niliyekuwa naogopa kumpoteza ni mama yake.

Mimi ni mtu wa Machame, nimezaliwa Mlutheri, nikahamia Katoliki kwa ajili ya ndoa. Wazazi wangu walishakufa. Kihamba cha kwetu, yaani shamba la nyumbani tulikozaliwa, kiko kwa kaka na mke wake, na nikienda kule siku hizi ni mgeni wa kukaribishwa chai. Nyumbani kwangu ni Kilema kwa mama mkwe. Nilipojifungua Neema, ndiye aliyeniuguza uzazi miezi mitatu, kunipikia mtori wa ndizi na kunikataza hata kuinua ndoo. Na kila Desemba, Wachagga tunapopanda mlimani nyumbani, ni kwake ninakopanda. Baba Neema naye huja siku mbili. Tunakaa benchi moja, tunaulizana chumvi, tunashuka kila mtu na njia yake. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: siku itakayojulikana kwamba mimi si mke tena, Desemba sina pa kwenda.

Basi nikanyamaza. Na ningeendelea kunyamaza, kama si mita.

Mnajua mji wetu unabadilishiwa mita za maji. Zile za zamani zinang'olewa, zinakuja za kisasa zinazotuma taarifa zenyewe kwenye simu. Huku mtaani tumeshazipa jina, luku ya maji, kama ile ya umeme. Alhamisi ya wiki iliyopita zamu ikafika hapa mtaani kwangu, Pasua. Akaja fundi mmoja, mzee mpole mwenye spana na kishikwambi. Mita yetu ilikuwa imezama kwenye udongo, kioo chake kimeota ukungu. Akaitoa kama anang'oa kiazi, akafunga mpya, akasimama kuandikisha.

Aliuliza jina la mteja. Nikataja la Baba Neema, ndilo liko kwenye bili tangu tulipovutiwa maji. Akauliza namba ya simu.

Nikataja yake.

Naapa sikukusudia. Sisi tuliolelewa huku, namba ya nyumba ni namba ya baba. Kwenye kadi ya zaka ni hiyo, kwenye daftari la jumuiya ni hiyo, kwenye chama cha kuzikana ni hiyo, shuleni kwa mtoto ilikuwa hiyo. Mdomo wangu unaitaja wenyewe. Ya kwangu lazima nifikirie.

Fundi akabonyeza, akaniambia, "Mama, kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu. Nisomee hapo." Nikatazama simu yangu. Haina kitu. Ndipo nikaelewa kwamba tarakimu zimeingia Holili.

Ningeweza kumwambia fundi nimekosea namba. Ni maneno mawili. Lakini kichwa changu siku hizi kinachelewa kufika, na wakati kinafika mkono ulikuwa umeshapiga.

Akapokea mwanamke. "Haloo, shikamoo dada."

Nikasema marahaba. Ningesema nini? Mtu akikuamkia unaitikia.

Akaniambia mwenye simu ametoka kidogo, ameiacha kwenye chaji, kuna shida? Nikamweleza kwamba mafundi wa maji wako hapa, kuna meseji imeingia, naomba anisomee. Akasema, "Subiri dada nichukue miwani." Nikasubiri. Nikasikia redio yao, kipindi cha dini. Akarudi akanisomea tarakimu moja moja, polepole, halafu akarudia zote ili nisikosee. Nikamtajia fundi. Fundi akasema tayari. Nikamshukuru yule mwanamke, naye akasema karibu dada.

Miaka mitatu nimemtungia sura huyo mtu. Nilimpa kucha ndefu, nikampa kicheko cha dharau. Sikuwahi kumpa miwani ya kusomea.

Ijumaa nilishona sare nane bila kuinua kichwa.

Jumamosi nikafua kama kawaida. Nilichomeka mpira kwenye bomba ukajaze pipa, halafu nikauachia kwenye beseni nisuuze mapazia, halafu mashati. Nilikuwa kwenye shati la tatu, lile la mistari ya bluu, simu ikalia. Ujumbe, kutoka namba ya Baba Neema, ila maneno si yake. Nauandika ulivyokuwa:

"Dada habari za asubuhi. Meseji ya maji imeingia huku inasema maji yanatoka mfululizo hapo nyumbani zaidi ya saa nzima. Angalia isije ikawa bomba limepasuka. Nimeona nikushtue."

Nikafunga bomba. Nikageuza ndoo nikaikalia.

Sikulia. Sikukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, mikono ina povu, shati la mwanaume lenye usafi wa miaka mitatu liko mapajani, na mtu pekee duniani aliyejua kwamba natumia maji muda huo ni mwanamke anayeishi na mwenye shati. Tena ananihurumia bomba.

Nikamjibu: "Asante. Nilikuwa nafua."

Mashati mawili yaliyobaki sikuyamaliza.

Jumatatu nikaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Mama Temba. Ofisi ya maji walinieleza kwamba ili mita iandikwe kwa jina langu na namba yangu niwapelekee barua ya mtaa inayosema nani anaishi kwenye nyumba. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kusema kazi zimembana, simu ya Holili haishiki vizuri, ni kwa urahisi tu. Nilikuwa na uongo wa kutosha hata kwa barua mbili.

Mama Temba hakuniuliza swali. Alivuta karatasi, akaandika, akagonga mhuri, akanisogezea. Nikasoma. Iliandikwa kwamba Aikaruwa Elisante, yaani mimi, ni mkazi wa mtaa huu na ndiye anayeishi katika nyumba hiyo, peke yake, kwa mwaka wa tatu sasa.

Sikuwa nimemtajia mwaka.

Nikamtazama. Akafunika kalamu yake vizuri, akasema bila kuinua macho, "Na yale mashati sasa uyapumzishe, mama. Kila tukipita tunayaonea huruma."

Mtaa mzima. Muuza mkaa, akina mama wa jumuiya, mteja anayeleta zipu za sketi. Wote wamepita pale chini ya kamba miaka mitatu wakiniachia uongo wangu, kama unavyomwachia mtu kiti chake kanisani. Nilitoka ofisini nikashukuru, nikasahau mwavuli, nikarudi kuuchukua, nikashukuru tena.

Jumanne mita ikawa yangu. Meseji ikaingia kwenye simu yangu yenye jina langu lote, jina la baba yangu na ukoo wa kwetu. Niliisoma nimesimama barabarani. Baadaye mchana Baba Neema mwenyewe akaandika, safari hii ni yeye kweli, namjua kwa ufupi wake: "Nimeona umebadilisha. Poa."

Poa. Ndoa ya kanisani, mtoto wa chuo, na poa.

Sasa ikabaki mama. Nilijua barua yenye mhuri haikai mjini. Jumamosi ni siku ya soko, wanawake wa Kilema wanashuka na ndizi, wanapanda na habari, na mojawapo ingekuwa hii. Heri aisikie kwangu. Kwa hiyo leo asubuhi nimevaa, nimebeba sukari na sabuni, nimepanda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe migomba. Ana zaidi ya miaka themanini na hataki kusaidiwa panga. Nilimwamkia, nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimepanga kuanzia mbali. Nikaanzia katikati. Nikasema, mama, Baba Neema ana nyumba Holili, haishi kwangu, mita ya maji nimeiandika jina langu. Ilitoka hivyo, yote pamoja, na mita yake humo humo, nikiongea kama ninayemsomea mtu risiti.

Panga lilisimama. Ng'ombe akaendelea kutafuna.

"Tangu lini, mae?" Mae ndivyo anavyoniita, yaani mama.

Nikamwambia huu mwaka wa tatu.

Kuna kitu sijawaeleza. Kila nikishuka kutoka kwa mama, hunifungia vifurushi viwili vya ndizi mshare na maharage, kimoja changu, kingine cha mwanawe, na husema, "Hiki mpe mwenyewe mkononi." Nimekibeba mwezi kwa mwezi. Nilijua swali linakuja, na likaja.

"Na ndizi zangu nilizokuwa nampelekea?"

"Nilikula, mama. Nyingine niliwapa majirani."

"Zilikuwa tamu?"

Nilisema zilikuwa tamu. Basi hapo sauti yangu ikafanya kitu, ikakatika kidogo kwenye neno la mwisho, na nilishangaa kuisikia. Mama hakunigusa, si mtu wa kugusagusa. Aliniacha nimalize, akarudi kwenye migomba yake.

Hakumtukana mwanawe. Hakusema nimvumilie, wala nimwombee, wala kwamba wanaume ndivyo walivyo. Niliyaogopa hayo na hayakuja. Tulikula kiburu cha ndizi na maharage, tukaosha vyombo, akaniambia padri mpya anahubiri mpaka mbuzi wanarudi zizini wenyewe. Nilicheka kidogo, kwa adabu.

Wakati wa kuondoka akaingia stoo. Akatoka na kifurushi kimoja. Kikubwa, kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba, mafundo mawili. Nikasimama pale nikakingoja cha pili kwa mazoea, mpaka nikaelewa.

Sikujua kimoja hicho maana yake nini. Nilitaka kuuliza: mama, bado mimi ni wa hapa? Nikainama kubeba.

Akanisaidia kukiweka begani. Akasema, "Desemba uje mapema. Uje kabla ya wengine. Mikono yangu hii haiwezi tena kumenya ndizi za watu wote."

Nikauliza, sijui nilitoa wapi ujasiri, "Na yeye je, akija?"

Mama akanifuta jani lililokuwa limeninasa kwenye kanga, akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Atakukuta," akasema.

Nimeshuka na ndizi zangu. Bega linauma, na nimefurahi kwamba linauma. Sasa navua viatu, nikapike.