Kumpeleleza Mwezekaji

Jumatano, 11 Juni 2025. Wambaa

Imeamuliwa niende mimi. Kaka Masoud ndiye baba wa binti, wa kwenda alikuwa yeye, lakini anasema magoti yake hayapandi ndege. Magoti! Juzi tu nimemwona juu ya mkarafuu.

Habari yenyewe hii. Laila wetu, muuguzi huko Uingereza, kaletewa posa. Mwanamume ni Mwingereza, kasilimu kabla hawajajuana, ndivyo asemavyo Laila. Jina lake Rowan. Kazi, fundi wa nyumba. Kaka hakusema ndiyo, hakusema la. Leo nimemkuta kwenye banda lake la uani anahamisha magunia, makuti yamevuja tena. Hakuniangalia. "Kamtizame," kasema. "Uliza majirani. Mtu hujulikana kwao."

Ndiyo desturi yetu. Posa ikija, kabla ya jibu hutumwa mtu mzima akapeleleze kimyakimya. Ana hasira? Anaswali? Jirani anamsemaje? Katika ukoo huu mtu huyo ni mimi, tangu nikiwa bado nafundisha, na wapo wanaume mjini Chake mpaka leo wakiniona wanavuka barabara.

Kinachomsumbua kaka nakijua ingawa hakisemi. Akisema ndiyo, mtoto harudi tena. Na hana mwingine.

Kiingereza ninacho, nimekifundisha mpaka nikastaafu. Nimefunga halua na karafuu. Bismillahi.

Jumapili, 15 Juni. Withyford

Nimefika jana, mwili bado uko angani. Laila kanikumbatia stesheni mpaka miwani ikaanguka. Amepanga nyumba ndogo karibu na daraja.

Kijiji kidogo kuliko Wambaa. Mto, daraja la mawe, kanisa, duka moja. Baridi, na wanasema ni kiangazi! Jua halitui. Magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku! Nimekaa na udhu wangu nangoja kama anayengoja mgeni mwenye madaha.

Asubuhi nilishuka mtoni, nikakaa kwenye benchi kungoja maji yatoke kama pwani kwetu, nione chini kuna nini, labda chaza. Mzee mwenye mbwa akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia nangoja maji yatoke. Akaniangalia mimi, akauangalia mto, akanambia kwa adabu kwamba nitangoja sana. Mwalimu mzima! Mito nimeichora ubaoni kwa mkono huu. Lakini jicho la Mpemba likiona maji linataka yaende na yarudi.

Halafu nikainua uso nikaziona nyumba. Makuti! Nyumba baada ya nyumba ni makuti tupu, bati hakuna. Kuta zimepinda, vidirisha kama vya banda la kuku. Ndiyo Uingereza hii? Nikamuuliza Laila huyo Rowan ni fundi wa nini hasa. Kanambia bila wasiwasi wowote: anaezeka mapaa kama yale.

Kaka kapiga simu Laila akiwa kazini. Nikamwambia nilichokiona na nilichoambiwa. Akafoka:

"Miye n'metia bati nyumba ino kwa jasho la karafuu. Leo mwanangu nkamrudishe makutini? Na mume mwenyewe ndo mwezekaji? La. Mwambie la."

Kakata. Sijamwambia Laila. Rowan mwenyewe bado sijamwona, anarudi kesho kutoka kazini.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia Laila. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu kicheko kikageuka kilio, maana kaelewa kwamba baba yake kasema la.

Makuti yale si makuti. Ni matete na mabua ya ngano, unene wake kama mkono mzima, na wanaokaa humo ndio wenye nazo! Kuna nyumba serikali haimruhusu mwenyewe hata kuliondoa paa. Fundi wa kazi hiyo hungojwa kwa miezi. Na mimi nimemharibia mtoto posa yake kwa siku moja. Haraka haraka haina baraka, methali nimewaandikisha watoto wa watu miaka yote, mwenyewe nimeisahau uwanja wa ndege.

Nimempigia kaka. Hapokei. Nimemtumia sauti kwenye WhatsApp, ndefu, na kuomba radhi ndani yake. Tiki mbili za buluu, jibu hakuna. Kaka yangu akisema la, la hukaa.

Jioni kaja Rowan. Mrefu, mwekundu kwa jua, vijiti vya majani kwenye nywele. Viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa. Salamu yake ya Kiarabu nzito kidogo lakini kaifikisha mwisho. Haongei sana. Kala halua, kaomba tena. Sijalainika. Mbele ya wakwe nani hana adabu? Kesho kutwa naanza majirani.

Jumatano, 18 Juni

Upelelezi ni mgumu nchi hii! Kwetu unakaa barazani, unauliza bei ya dagaa, mara ushaambiwa siri ya nyumba ya saba. Hapa baraza hakuna. Mwenye duka nimemuuliza kama Rowan ni mtu wa hasira. Kanambia Ijumaa huenda ikanyesha.

Jirani wa Rowan, ukuta kwa ukuta, anaitwa Bi Hilda. Mtu mzima sana, anakaa peke yake, nyumba yake iko ukingoni mwa mto, tunaiona kutoka dirishani kwetu. Nikabisha hodi nikamuuliza waziwazi. Akiwa nyumbani anapiga kelele? Analewa? Wanyama anawatendaje? Akanikazia macho, akauliza kama nimetoka serikalini. Kisha akafunga mlango. Polepole, kwa heshima, lakini kaufunga!

Nimerudi kama niliyemwagiwa maji. Kaka bado kimya.

Alhamisi, 19 Juni

Leo ndefu.

Asubuhi Bi Hilda kaja mwenyewe, kwa mlango wa jikoni. Kumbe alimuuliza Rowan mimi ni nani. Kaomba radhi, nami nikaomba zangu. Nikamtilia chai ya mdalasini. Akasema bibi yake angefanya vilevile zamani zile, siku hizi watu wanaokotana kwenye simu.

Basi akajibu yote, moja moja, kama shahidi mbele ya kadhi. Mama wa Rowan alifariki yeye akiwa mdogo, baba akahama. Akitoka shule alikuwa anakula kwa Bi Hilda. Hasira anazo. Siku moja alitupa nyundo mtoni kwa hasira, kisha akaingia mpaka kiunoni kuitafuta. Pombe aliiacha kabla ya dini kumkuta. Na kila asubuhi huja kumfungulia Bi Hilda madirisha, kwa sababu vidole vyake havina nguvu tena. Hajamwambia mtu, hata Laila hajui.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe! Kaweka kikombe chini kaniuliza: na wenu je? Mkali? Mwongo? Atamheshimu?

Nimeshtuka. Laila wetu kupelelezwa! Lakini haki ni haki. Nikamwambia ana kiburi kidogo. Akiwa na jambo moyoni hanuni, huosha vyombo kwa kishindo mpaka majirani wajue. Na uongo hauwezi, tangu mtoto akidanganya masikio yanamwiva. Bi Hilda kacheka sana.

Kisha sauti ikabadilika. Akaniuliza huku anautazama mto: Laila atamchukua Rowan Pemba, sivyo? Watakwenda huko na hawatarudi.

Kilio hiki ni cha kaka yangu! Neno kwa neno! Sisi tumekaa Wambaa tunahofia kunyang'anywa mtoto, kumbe ng'ambo ya pili kuna bibi wa watu anahofia kunyang'anywa na sisi. Halijanipitia kichwani hata siku moja. Nimemshika mkono. Nimemwambia sijui. Nimemwambia pia kwamba mto wake huu hauna adabu, maji yanakwenda moja kwa moja, kwetu maji yakitoka hurudi. Sijui kama alinielewa. Hata mimi sijui nilitaka kusema nini.

Akauliza posa kwetu huwaje. Nikamweleza kwamba kijana hajisemei. Watu wake wazima huvaa vizuri, huja kwa mlango wa mbele, hubisha hodi, husema neno.

Akasema Rowan hana watu.

Yote haya nimemweleza kaka kwa sauti, hasa kile kilio. Tiki za buluu. Anasikiliza basi, hata kama hasemi.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua! Mwenye duka hakudanganya. Tumekwenda mjini kuswali. Shehe kasema kijana haikosi Ijumaa, na mara nyingine anaangusha vijiti vya matete kwenye zulia, kisha anaviokota mwenyewe.

Nimemuuliza Rowan kwenye gari, baba yake Laila akishikilia la, utafanyaje? Kafikiri mpaka tumevuka daraja. Kasema atakwenda kukaa nje ya nyumba yake mpaka akaribishwe au afukuzwe. Laila kageuza uso dirishani. Mtoto hali chakula vizuri. Macho kwenye simu tu.

Jumapili, 22 Juni

Nianzie wapi!

Alasiri, hodi. Mlango wa mbele, ambao Laila anasema haujafunguliwa tangu apange nyumba hii. Tumeuvuta wote wawili. Bi Hilda! Kofia ya buluu yenye ua pembeni, glavu nyeupe, kikapu mkononi na ndani mayai, jamu na keki. Kaja kwa miguu kutoka ukingoni. Rowan kamwacha nyumbani, kamkataza asitoe hata pua, maana kijana hajisemei!

Kasimama ukumbini, kakataa kukaa kwanza. Akasema polepole kama mtoto anayesoma mbele ya darasa: amekuja kwa niaba ya Rowan, yeye ndiye mtu wake, wanamwomba binti yetu. Akaongeza la kwake: wakienda kwenu, na sisi muwe mnaturudishia tuwaone.

Nimelia. Sikuona haya. Laila kakimbilia jikoni, namsikia anaosha vyombo visivyo na uchafu, kwa kishindo. Bi Hilda kasikia, kaniangalia, tukacheka na machozi yetu.

Nikamjibu inavyostahili. Tumesikia, tumepokea, mwenye jibu ni baba. Kisha nikampiga picha na kofia yake, nikamtumia kaka. Chini yake nikaandika: huyu ndiye mshenga wa kina Rowan, kaja kwa miguu yake.

Tiki moja tu. Labda umeme umekatika Wambaa. Nimejiambia hivyo mara nyingi jioni hii.

Jumanne, 24 Juni

Naandika na simu iko sikioni, mwandiko umepinda.

Kaka kapiga sasa hivi. Salamu fupi, kisha:

"Bibi yuno wa kofia. Mtu mzima?"

"Mtu mzima sana, kaka. Kama mama angekuwa hai."

"Na kaja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Na miye nkasema magoti."

Sikumsaidia. Nikamwacha nayo. Nikasikia anakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta njia.

"Hayo matete, yavuja?"

"Hayavuji. Ijumaa mvua imepiga kutwa, ndani kukavu."

"Yadumu?"

"Laila asema fundi huezeka akiwa kijana, akirudi kulitia mkono paa lile lile ni mzee."

"Hm. Banda langu lavuja, Kulthum."

"Nalijua banda lako."

"Matete yapo kuno, pale bondeni. Sijui yafaa."

"Aulizwe fundi."

"Fundi kaona matete yetu wapi? Mpaka aje ayaone." Kasema hivyo kama anayenigombeza mimi. "Na vuli i karibu. Mtu akija, aje kabla ya vuli. Ngoja. Usikate. Nkapime."

Basi kaiweka simu mahali, wazi. Namsikia. Malapa yake uani. Anamfukuza kuku. Anamwita mtu amshikie kamba upande wa pili, siyo hapo, yakhe, kwenye pembe! Neno ndiyo hajalitamka, na mimi silitamki kabla yake. Namjua, ukimtangulia hurudi nyuma.

Dirishani namwona Rowan juu ya paa la Bi Hilda, anapigapiga matete, hana habari. Bi Hilda kasimama chini kaikamata ngazi kwa mikono ile ile isiyofungua dirisha.

Laila yuko mlangoni na sare yake ya kazi, mkoba begani, achelewe asichelewe hajali. Ananiuliza kwa macho. Nimemwonyesha kiti kwa kalamu. Kaa, mwanangu. Baba'ako anapima banda.