Kwa Mume Wangu Aliyelifuata Jua Hadi Bagamoyo

Mpendwa mume wangu Hamidi,

Assalaam alaykum. Mwili wangu ni mzima. Mengine nitakueleza humu humu, kwa kuwa simu zimesitishwa na sina njia nyingine ya kukufikia. Nimeamua barua hii iwe wazi, asome yeyote, na sababu utaijua nikifika mwisho.

Naanzia pale ulipoanzia wewe. Nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni hapa Bagamoyo, mjane asiye na mtoto, nimeshazoea kupika kwa ajili ya wengi na kula peke yangu. Wewe ulikuja kutoka Denmaki, fundi mstaafu wa injini za meli, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi. Asubuhi yako ya kwanza ulisimama kwenye mlango wa jiko, shati wazi, ukaniomba kwa ishara nikufunge vifungo. Nilikataa. Nikamwita mlinzi akufunge, mimi nimeigeukia sufuria, na sote watatu tumeona haya.

Ulikaa wiki kadhaa. Kutwa ulikuwa uani, mikono umeilaza juu ya magoti ielekee jua kama mtu anayeanika kitu. Hata siku moja ukaja jikoni umejifunga shati mwenyewe, kifungo kimoja kimekosea tundu.

"Bibie, tazama," ulisema. "Mkono yangu imerudi."

"Mikono yangu," nilikusahihisha.

"Ndiyo. Mkono yangu," ukasema, unacheka na machozi yamekulenga.

Ulirudi kwenu ukauza nyumba, kisha ukaja tena na masanduku yako. Ulipokwenda kuniposa, kaka yangu Shabani alikuweka kitako muda mrefu. Alikuuliza mbele ya watu, "Wewe unataka jua au unataka mpishi?" Ukamjibu kwa Kiswahili chako cha kuokoteza, "Jua iko bure, kaka. Huyu ndiyo nimekuja kuomba." Watu walicheka, naye Shabani akacheka, na shughuli ikaishia hapo. Ukasilimu, ukachagua jina la Hamidi, tukafunga ndoa, tukajenga kijumba chetu kwenye njia ya kwenda Mlingotini.

Nakumbuka ulivyopenda kuwapigia simu rafiki zako wa kule, kuwashawishi nao wahame. Ulikaa barazani na kikoi chako, miguu juani, na kila ulichowaambia ulinitafsiria baadaye. Kwamba mifupa haiumi. Kwamba pensheni isiyokutosha kule, huku inalisha nyumba na kubakisha cha kumpa jirani. Kwamba samaki wa leo ni wa leo. Lakini ulilolirudia zaidi ni la kujuliwa hali. Kule uliwahi kuugua ukalala ndani wiki nzima, ghorofa limejaa watu, na hakuna aliyegonga mlango. Huku ulikosa kwenda mnada wa samaki asubuhi moja tu, kwa mafua, na kabla ya adhuhuri walishafika muuza vibua, mama wa vitumbua na imamu wa msikiti wetu, kila mmoja anauliza kuna nini. Siku ile ulinung'unika, maana ulitaka kulala. Kesho yake ukawasimulia rafiki zako wote.

Nikakuuliza, nikijifanya nimenuna, "Mbona katika faida zako zote hizo mimi simo?"

Ulifikiri kidogo. "Wewe si faida, Zaina. Faida mtu anapima. Wewe mimi sikupima."

Sijui kama neno hilo bado unalo popote. Mimi ninalo.

Maradhi yalikuja taratibu. Kwanza uliyasahau majina ya vitu vya jikoni, tukacheka. Halafu ukatia chumvi kwenye chai, ukainywa yote bila kushtuka, na hapo sikucheka. Ukawa unaniita kwa jina la marehemu mkeo wa kwanza. Niliitika. Niliona afadhali mtu mmoja humu ndani awe na utulivu, hata kama ni kwa jina lisilo langu.

Kisha ile siku ya Chalinze. Uliniaga unakwenda kununua mkate, na jua lilipokuwa utosini nilipigiwa simu kutoka kwenye simu yako na mwanamke nisiyemjua, mama lishe wa Chalinze, mbali na kwetu, pale wanapoegesha malori. "Dada, hapa kuna mzee wa Kizungu," alisema. "Anamuuliza kila dereva treni ya kwao inaondoka saa ngapi. Simu yake ina namba imeandikwa Mke, ndiyo nimepiga." Nilipofika ulikuwa umekaa kwenye benchi lake, umeshikilia kikombe cha uji. Uliponiona ukainuka kwa adabu, ukanipa nafasi niketi, kama unavyompa mgeni. Yule mama alinitazama, akageuza uso.

Daktari wa Dar es Salaam alitueleza kwamba ubongo unasinyaa na kwamba hakuna dawa ya kuurudisha. Nilimpigia binti yako, Lise, kwa sababu ni haki yake kujua. Akaja. Sitamsema vibaya, Hamidi. Alilala nasi, alikuogesha, alinisaidia kufua. Siku ya mwisho alinishika mkono, na kwa Kiingereza changu cha hotelini nikamwelewa: kule kuna nyumba ya kuwatunza watu wenye maradhi yako, kuna wauguzi usiku na mchana, utafanyiwa vipimo, na mimi nitafuata viza ikitoka. "Ni kwa muda," alisema. Alikuwa analia. Nilikubali kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuchunga mlango, na kwa kuwa nilimwamini. Bado namwamini. Naye hakujua yatakayofuata.

Viza haikutoka. Nimeomba, wakaninyima, nimeomba tena, wakaninyima tena. Dada wa dirishani pale ubalozini aliniuliza nina nini hapa cha kunirudisha nikishafika kwao. Nikamwambia nina nyumba, nina kuku, nina kaka, nina kaburi la mama yangu. Akauliza kama nina mshahara. Nikamwambia sina, nina mume, na mume wangu ndiye ninayemfuata. Aliandika, akaniambia nitajibiwa. Nilipotoka nje nilisimama kwenye ukuta wao. Ulipotaka kuhamia huku, hakuna aliyekuuliza kama utarudi. Wa huku walikupa kibali na kukukaribisha, nami nilifurahi wakukaribishe. Sasa nataka kukaa kando ya kitanda chako tu, sitaki kwao kitu kingine chochote, na njia ile ile uliyoipita wewe imefungwa kwangu.

Na ile simu ya mwisho. Lise alikushikia kioo cha simu mbele ya uso. Ulikuwa umevaa sweta nene, na vidole vyako nikaona vimejikunja tena. Nikakusalimu, nikakuita. Ulinitazama muda mrefu, ukasema kitu kwa lugha yenu. Kiswahili chako chote kimekwenda, hata "ndiyo" hukusema. Nikamuuliza Lise, amesemaje.

"Anauliza wewe ni nani," alinijibu, "na kwa nini nyuma yako kuna mwanga mwingi hivyo."

Halafu ukasimama ukatafuta viatu. Nikakuona mgongo, unakwenda mlangoni, na mlango wa huko unafunguka kwa namba wanazozijua wao tu. Ukausukuma. Nikasikia unalia, kisha Lise akakata. Baadaye aliniandikia kwamba hali hiyo imekurudia kila baada ya simu yangu, kwamba wauguzi wanashauri tusipige kwa muda, na kwamba anaomba nimsamehe. Nimemsamehe. Lakini tangu hapo sijaiona sura yako wala kuisikia sauti yako.

Sijiwezi, Hamidi. Nitasemaje zaidi ya hivyo? Watu wananijia kama walivyokujia wewe, wananiuliza kuna nini, nami nawaambia hakuna jipya. Asubuhi jua linaingia barazani, linafika pale ulipokuwa ukiweka miguu, linapita. Kuna siku natoa kiti chako na kuna siku nashindwa kukigusa. Shabani ananiambia nimwachie Mungu, nami namwachia, kisha nikimaliza kusali nashika simu tena na kukumbuka kwamba sina ruhusa.

Kwa hiyo nimeipeleka barua hii gazetini. Upo katika mji mdogo wa bandari, kaskazini kabisa mwa Denmaki, na huko wanakuita Henrik. Watu wetu wametapakaa duniani. Huenda mmoja wao anaishi jirani na hapo, anafanya kazi, anasoma, ameolewa. Nilimwandikia Lise nikamuuliza: akipatikana mtu wa kwenda kukusomea maneno yangu, si kwa simu, mtu wa kuketi nawe taratibu, atakubali? Baada ya siku nyingi akajibu neno moja, kwamba aje. Mhariri wa gazeti amepewa namba ya Lise, ampe atakayejitokeza. Sina mpango mwingine. Huu nao ukishindikana, sijui nitashika wapi.

Akija mtu huyo, mume wangu, usiogope. Nimemwomba aseme polepole, na ukichoka aache. Asikwambie kwamba ninaumia. Hayo mengine ni ya wasomaji, ayaruke. Akusomee ya shati na kifungo, ya Shabani, ya mafua na imamu. Huenda usielewe hata neno moja. Ukilia, nimemwomba asikimbilie kuita muuguzi, kwa sababu mimi ninajua na wao hawajui kwamba wewe ni mtu wa kulia hata ukiwa na furaha. Na ukiinuka kumpisha kiti kwa adabu yako ile, nimemwambia akubali kuketi. Mwache aketi, Hamidi. Hapo atakapoketi, ndipo ningekuwa nimeketi mimi.

Nakuombea kila sala. Mungu akuhifadhi huko nisikofika.

Ni mimi mkeo,
Zaina,
Bagamoyo