Mimi na Mama Mkwe, Bango Moja

Mei Mosi, jioni. Bilele.

Mvua iliyoanza alfajiri ilikatika dakika chache kabla ya maandamano. Viatu vyangu bado vimelowa, nimevianika barazani, nami nimekaa kando yake nacheka peke yangu.

Niseme ukweli: leo asubuhi nilitamani kuugua.

Miaka miwili mama mkwe wangu hajanisemesha. Ni nesi mkunga kule Izimbya, Mkatoliki wa kushika rozari hata akiwa zamu. Koku alipokubali tufunge ndoa katika kanisa letu la Kilutheri, mama yake hakuja harusini. Alinda alipozaliwa, hakuja. Mwanamke aliyepokea watoto wa nusu ya vijiji vya kule hajamshika mjukuu wake mwenyewe, ambaye sasa ana miezi tisa. Koku halii mbele yangu, ila najua analia.

Maandamano ya mkoa hutukusanya wafanyakazi wote wa afya. Mimi ni wa maabara, nikajipanga nyuma kabisa. Kiongozi wetu wa chama, mtu wa kelele asiyejua habari za nyumbani kwa mtu, akataka wawili wa kimo kimoja washike bango la mbele. Akanivuta mkono, akanikabidhi ufito mmoja. Wa pili ulikuwa tayari mikononi mwa mama mkwe.

Kwetu Wahaya mkwe hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hali naye, hata macho huyashusha. Nikashusha yangu, nikaamkia "Kasinge waitu" kwa sauti ya kifaranga. Yeye akainua ufito wake. Nikajifariji kwamba kitambaa kina mita tatu, kwa hiyo mila hatujaivunja.

Tukaanza kutembea. Kila hatua nilihisi ananitazama. Sijui kama alinitazama kweli, maana mimi nilikuwa natazama lami.

Tulipokaribia jukwaa la mgeni rasmi, upepo ukaja kutoka ziwani. Bango likajaa, likanivuta mzima mzima. Nikivuta, yeye analegeza. Nikilegeza, yeye anavuta. Maandishi yakajikunja na watu pembeni wakaanza kucheka. Nikajua sasa anasema moyoni: huyu ndiye aliyenichukulia binti, hata ufito umemshinda.

"Baba Alinda," akasema bila kugeuka. "Usishindane na upepo. Kaza mkono, tembea na mimi."

Baba Alinda.

Sikujua hata kama jina la mtoto analijua. Nikakaza mkono, nikafuata hatua zake, na bango likanyooka. Mgeni rasmi alikuwa nani, alivaa nini, msiniulize.

Uwanjani ikabidi tulikunje. Sasa kitambaa kikikunjwa, wenye ncha lazima wakutane. Ulipobaki mkunjo wa mwisho nikasimama kama mwizi aliyekamatwa, sikuthubutu kusogea. Yeye akatabasamu, akailaza ncha yake kwenye nyasi, akarudi nyuma hatua mbili ili nije niichukue. Nikaja, nikainama, nikaichukua.

"Mtoto ameota meno?" akauliza.

"Mawili, waitu."

"Jumapili mleteni. Mkishatoka kanisani kwenu."

Kanisani kwenu. Alilitamka neno hilo kwa sauti ileile ya kuulizia meno, halafu akaondoka kuwatafuta wenzake. Nilibaki na bango zima kifuani. Sikujua kwamba nimekuwa nikiogopa kiasi kile mpaka hofu iliponitoka.

Nilipomwambia Koku, alitaka nirudie mara tatu. Kisha akakaa chini, akalia hapohapo mbele yangu, nami nikamwacha alie. Sasa hivi anapiga pasi gauni la Alinda, na Jumapili bado siku tatu.

Mabega yananiuma, na leo usingizi utakuja wenyewe. Ombi langu ni moja tu: Jumapili hii mchungaji wetu ahubiri kwa kifupi.