Nauli ya Kwenda Gwaride

Mjambere, Kisauni

Mdogo wangu Mwanatabu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Mimi sina nafuu ya kukwambia. Pumzi imekuwa haba, binti yangu Jalila hunigeuza kitandani, na daktari sasa huzungumza naye nje ya mlango.

Nakuandikia habari ya mwanao Abubakar. Unakumbuka ni mimi niliyemshawishi ajiunge na askari wa akiba, wale wanaofanya kazi zao wiki nzima na kwenda gwaride Jumamosi. Nilikuwa mzee wa kamati ya kuwaandikisha, nikijivunia kuwa na mpwa ndani. Nauli walijilipia. Vijana wenzake wa kutoka Changamwe wakaacha mmoja mmoja. Abubakar alivuka feri kutoka Likoni alfajiri, akatembea hadi uwanja wa gwaride Bamburi, buti mkononi zisichakae.

Akaniomba niwaambie wakubwa kwamba nauli inawashinda. Nikamwahidi. Kisha Afande Maxwell, mkubwa wao, akaja kwangu, akatania kwamba sisi watu wa pwani tunapenda kahawa kuliko gwaride. Akauliza waziwazi kama tatizo ni nauli, maana angeweza kuwaombea gari. Mwanatabu, tulilelewa tusimwoneshe mgeni chungu kitupu. Nikamjibu kwamba nyumba yetu haishindwi na nauli, wanaoacha ni wavivu. Abubakar alikuwa pale, sinia la kahawa mkononi. Alinitazama, akainamisha kichwa. Angemkanushaje mjomba wake mbele ya mgeni?

Gari halikuombwa. Baadaye alinirudishia sare, imefuliwa na kupigwa pasi, akasema tu kwamba miguu imekataa. Nikaona nyayo zake zilivyopasuka, nikaipokea sare.

Uliponiuliza, nikakwambia ametoroka gwaride, ameliaibisha jina la baba yetu. Nilikudanganya, wallahi. Ukamfungia mlango, naye hadi leo hajanitaja kwako. Najua, kwa kuwa ungali unaniombea dua.

Mpigie simu sasa hivi, mwite ale kwako. Mimi nampigia, hashiki. Akikubali, mje pamoja, nimwombe radhi mbele yako. Mkikuta nimetangulia, nilitamani yeye ndiye ashuke kaburini kunipokea, maana sina mtoto wa kiume. Akikataa, usimlazimishe.

Jalila anakuamkia, na majirani zako wote wa Likoni nisalimie.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,
Matano